Nchi Ikimiliki Madini, Pesa Huingilia Mlango Gani?

Kisheria, suala la nani mwenye madini lilimalizwa zamani. Tarehe 14 Desemba 1962, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 1803, linalotambua mamlaka ya kudumu ya mataifa juu ya maliasili zao. Nchi nyingi zinazoendelea zimeliweka jambo hilo katika katiba au sheria zao za madini. Kampuni haiuziwi mwamba. Hupewa leseni ya kuuchimba kwa muda na kwa masharti. Kigumu ni kujua pesa inaingia hazina kwa mlango upi, lini, na nani anaihesabu.

Milango mikubwa ni mitatu: mrabaha, kodi ya mapato na gawio la hisa. Mrabaha hukatwa kwenye thamani ya madini yanayouzwa, mgodi upate faida usipate. Kodi na gawio husubiri faida. Wananchi hushangilia zaidi hisa kwa sababu zinasikika kama umiliki, lakini mara nyingi ndizo zinazochelewa kulipa kuliko vyote.

Tuchukue mgodi wa kufikirika unaouza madini ya dola milioni 500 kwa mwaka. Mrabaha wa asilimia 6 ni milioni 30, na hizo zinaingia. Toa gharama za uendeshaji milioni 300, toa uchakavu wa mitambo milioni 80. Inabaki milioni 90. Sasa tuseme mgodi ulijengwa kwa mkopo wa dola bilioni moja kutoka kampuni mama, kwa riba ya asilimia 10. Riba peke yake ni milioni 100. Hesabu zinaonyesha hasara ya milioni 10: kodi hakuna, gawio hakuna, na serikali yenye asilimia 16 ya hisa inaondoka mikono mitupu. Kampuni mama imekwishachukua chake kupitia riba. Sheria ikiruhusu riba ya asilimia 5 tu kukatwa kwenye hesabu za kodi, faida ya milioni 40 inajitokeza na kodi ya asilimia 30 inaleta milioni 12. Kifungu hicho cha riba hakiandikwi kwenye mabango ya siasa, ila kina uzito kuliko asilimia kadhaa za hisa.

Je, basi tupandishe mrabaha na tumalize? Zambia ilijaribu. Januari 2015 ilipandisha mrabaha wa migodi ya wazi hadi asilimia 20. Bei ya shaba ilikuwa inashuka, na mwenye mgodi mkubwa wa Lumwana akatangaza kuusimamisha. Ndani ya miezi michache serikali ilirudi nyuma, na mwaka 2016 ikaweka mrabaha unaopanda na kushuka kufuatana na bei ya shaba. Sababu ni ya kiuhandisi zaidi kuliko kisiasa: mrabaha mkubwa hugeuza mbale zenye madini kidogo kuwa kifusi, kwa kuwa kuzichimba hakulipi tena, na umri wa mgodi unafupika.

Jambo jingine ni wakati. Kabla ya mgodi kuchimbwa, mwekezaji ndiye mwenye nguvu: mtaji anaweza kuupeleka kwingine, hivyo hudai misamaha ya kodi na vifungu vya kutobadilishiwa sheria. Mitambo ikishasimikwa hawezi kuihamisha, na nguvu inahamia kwa serikali. Mikataba mingi ya miaka ya 1990 ilisainiwa bei za madini zikiwa chini na nchi zikigombania wawekezaji. Bei zilipopanda, karibu kila mtu alitaka kufungua mkataba upya.

Tanzania ilifanya hivyo kwa kishindo mwaka 2017: ilizuia kusafirisha nje makinikia (mchanga wa madini uliochakatwa lakini haujayeyushwa), ikatunga sheria ya kupitia masharti hasi katika mikataba ya maliasili, na ikadai hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mazungumzo na Barrick, kampuni ya kigeni ya dhahabu, yaliishia mwaka 2020 kwa kampuni ya ubia ya Twiga, malipo ya dola milioni 300 na makubaliano ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Pakistan haikubahatika hivyo. Ombi la wawekezaji la leseni ya kuchimba shaba na dhahabu ya Reko Diq lilipokataliwa mwaka 2011, kesi ilikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2019 nchi ikaamriwa kulipa fidia ya karibu dola bilioni 6.

Wengi huitaja Indonesia, iliyopiga marufuku kuuza nje nikeli ghafi mwaka 2020 na kuvuta viwanda vingi vya kuyeyushia madini, hasa vya Wachina. Iliweza kwa sababu ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mnunuzi hakuwa na pa kukimbilia. Nchi yenye sehemu ndogo ya soko, tena umeme wa mgao, ikiiga marufuku hiyo itabaki na rundo la mbale, yaani mawe yenye madini, bandarini.

Na hata mkataba mzuri hautoshi bila mtu wa kupima. Makinikia yana shaba, dhahabu na fedha kwa pamoja, na mrabaha hutegemea kila kimoja kimeonekana kiasi gani maabara. Sampuli ikichukuliwa na kampuni, ikapimwa na kampuni na bei ikapangwa kati ya kampuni ndugu, ofisa wa serikali anapiga muhuri tu. Maabara huru, mizani inayokaguliwa na wahasibu wanaojua bei ya soko siku ya mauzo ni gharama ndogo ukilinganisha na mapato ya mgodi mmoja, na ndiyo bajeti ambayo serikali nyingi huikata mapema.