"Kidole changu kimeisha": yanayosemwa kuhusu mashine za vidole, na yalivyo

Mama mmoja wa Kibosho, mwanachama wa SACCOS fulani Moshi mjini, alinyoosha mkono juu ya kaunta kama mgonjwa mbele ya daktari. Karani alikuwa amemrudisha kwenye mashine ya kusoma alama za vidole mara sita, na mara sita taa nyekundu. Nikamwamkia. "Marahaba, baba," akajibu. "Hebu tazama mwenyewe. Kidole changu kimeisha."

Hakikuwa kimeisha. Kumenya ndizi, kupalilia migomba na kukata majani ya ng'ombe miaka nenda rudi kulikuwa kumeisaga mistari ya gumba na kidole cha shahada, na ilikuwa Julai, ngozi kavu imepasuka. Nikampa kitambaa chenye unyevu kidogo ashike, kisha tukajaribu kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Tukakisajili, kikasoma papo hapo. Karani akaninong'oneza: kwa hiyo fundi, hii mashine ni mbovu?

Mashine ilikuwa nzima. Aliyewafungia alisajili kidole kimoja kwa kila mwanachama, akachukua hela yake akaondoka. Nafunga na kurekebisha vifaa hivi Arusha na Moshi, na sehemu kubwa ya "ubovu" ninaoitiwa ni maneno ambayo mnunuzi aliambiwa dukani akayameza.

"Mashine inamjua mtu"

Haimjui. Siku ya usajili inatafuta pale mstari wa ngozi unapokatikia na pale unapogawanyika kama njia panda, inaandika kila sehemu hiyo ilipo na inakoelekea, basi. Kesho ukibonyeza inaandika orodha mpya, inailinganisha na ile ya zamani na kutoa maksi. Maksi zikitosha, mlango unafunguka. Orodha mbili za kidole kilekile hazilingani moja kwa moja, maana leo umebonyeza upande, kesho umekandamiza, keshokutwa una jasho.

Sasa maksi za kufaulu ni ngapi? Hilo anapanga binadamu. Ukizipandisha, mgeni anakwama, lakini na mwenye nyumba naye anakwama siku ya baridi. Ukizishusha, malalamiko yanaisha, na ulinzi nao unaisha kimyakimya. Niliwahi kufungua menyu ya mashine ya ghala moja Arusha nikakuta fundi aliyenitangulia amezishusha hadi chini kabisa. Wenyewe walikuwa wakimsifu: tangu aje yule kijana, mashine haijamkataa mtu!

"Inakosea mara moja katika laki moja, sina wasiwasi"

Namba ya namna hiyo huandikwa kwenye boksi, na inaweza kuwa kweli, ila inahusu kulinganisha kidole kimoja na kidole kimoja. Chukua kiwanda chenye wafanyakazi 500, kila mmoja kasajili vidole 2. Mgeni akibonyeza, mashine inampitisha kwenye orodha 1,000. Nafasi ya kumpokea kimakosa si 1 kwa 100,000 tena, inakaribia 1 kwa 100. Dawa yake haigharimu hata shilingi: mfanyakazi aandike kwanza namba yake ya kazi, ndipo abonyeze. Hapo analinganishwa na vidole vyake viwili tu. Watanung'unika kwa ajili ya sekunde tatu. Waache wanung'unike.

Na mapacha, maana swali hili halikosekani: Kulwa na Doto wanaweza kufanana kama shilingi kwa ya pili, lakini alama za vidole vyao ni mbalimbali. Wanayoweza kuisumbua ni mashine ya kusoma sura.

"Ya bei kubwa ndiyo bora"

Tazama kwanza mikono itakayoigusa. Mashine nyingi za mahudhurio ni za mwanga: kioo, taa chini yake, na kamera ndogo inayopiga picha ya mistari. Kioo kinavumilia vumbi na kinafutika kwa kitambaa, lakini jua likikipiga moja kwa moja kinapofuka. Ukiifunga bila kivuli kwenye geti linalotazama mashariki, itagoma asubuhi, saa ileile ambayo kila mtu anafika. Ya chipu, kama iliyoko kwenye simu nyingi na vitasa vidogo, haipigi picha. Inapima tofauti ndogo za umeme kati ya tuta na bonde la ngozi. Picha ya kawaida ya karatasi haiwezi kuidanganya, ila ngozi kavu sana au mkono uliolowa unaisumbua. Ipo pia ya mwanga wa rangi kadhaa, unaopenya chini ya ngozi ya juu, ambako mistari bado ipo hata kama juu imesagika. Hiyo ni ghali. Ukiwa na wapiga tofali, mafundi wanaoshinda na saruji au wachumaji maua wa Usa River wenye mikono majini kutwa, ndiyo ya kuulizia. Kwa ofisi ya wahasibu sita ni kutupa hela.

Njia yangu ya kuchagua haina utaalamu mwingi. Kabla ya kulipa, omba uijaribu siku chache kwa watu kumi wenye mikono mibaya kuliko wote pale kazini, tena wakiwa wametoka kazini, wasiwe wametoka kunawa. Iliyowasoma hao itamsoma bosi. Wakati wa kusajili chukua vidole viwili au zaidi, angalau kimoja kila mkono, na mtu alaze ule mnofu wa kidole, asichomeke ncha kama anayebonyeza kengele.

"Haidanganyiki"

Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto na wenzake huko Japani walitengeneza vidole vya jelatini, ileile ya kwenye peremende laini, na mashine zote 11 walizojaribu zikavipokea. Apple ilipotoa iPhone 5s mwaka 2013, Chaos Computer Club ya Ujerumani ilikishinda kihisi chake, yaani kile kinachosoma kidole, ndani ya siku chache kwa kutumia alama iliyoachwa kwenye kioo. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Samsung Galaxy S10. Ukiivisha kava fulani la silikoni, simu ilifunguka kwa kidole cha mtu yeyote, hadi kampuni ikarekebisha programu. Mashine nzuri za leo hukagua kama kidole ni cha mtu aliye hai. Uliza kabla ya kununua.

Ila mimi sijawahi kukutana na mwizi wa jelatini, si Sakina wala Njiro. Ninayokutana nayo yanatia aibu zaidi. Mashine nyingi za mahudhurio, kama hakuna aliyesajiliwa kuwa msimamizi, mpita njia akibonyeza kitufe cha menyu anaingia na kujisajili mwenyewe. Nyingine bado zina namba ya siri ya kiwandani, ambayo mtoto wa sekondari anaipata kwenye intaneti wakati chai inachemka. Halafu nyaya. Kwenye mashine za bei ya chini, waya unaofungua kitasa unatoka ndani ya mashine yenyewe, na mashine imefungwa ukutani nje. Mwenye bisibisi anaing'oa, anagusanisha nyaya mbili, anaingia. Kidole cha nini? Kifaa cha kufungulia kinatakiwa kikae ndani ya jengo, cha nje kiwe na kazi ya kusoma tu.

"Umeme ukikatika mlango unabaki umefungwa"

Inategemea kitasa. Sumaku inashika kwa umeme, umeme ukienda inaachia. Imetengenezwa hivyo makusudi ili moto ukiwaka watu watoke. Kinachokulinda ni betri ya akiba, nayo betri huchoka, kwa hiyo zima swichi kuu siku moja uone kinachotokea. Usimwamini aliyekuuzia, hata akiwa mimi. Kuna vitasa vingine hubaki vimefungwa umeme ukikosekana. Hivyo lazima viwe na ufunguo wa kawaida, na aliye ndani aweze kufungua kwa mkono.

"Kidole kilichokatwa hakisomi, kwa hiyo niko salama"

Mwaka 2005 huko Malaysia wezi walimkata kidole mwenye Mercedes ili gari liwake. Mwizi hajasoma habari za vihisi. Ndiyo maana wafanyabiashara wa vito wanaoniita sikubali kuwafungia mlango wa kidole peke yake. Naongeza namba ya siri, na kidole cha dharura, ambacho mashine nyingi zinacho ila wachache wanakitumia: unasajili kimoja ambacho kikibonyezwa mlango unafunguka kama kawaida, huku taarifa ikienda kimya kwa walinzi.

"Hawahifadhi picha, ni namba tu"

Ni namba kweli, kwa mashine nyingi. Lakini watafiti wameshaonyesha kwamba kutokana na namba hizo inawezekana kuchora alama bandia ambayo mashine itaipokea. Na neno la siri likivuja unaweka jingine, vidole vyako ni hivyohivyo hadi kaburini. Mwaka 2015 ofisi inayosimamia watumishi wa serikali ya Marekani ilikiri kuibiwa alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6.

Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za namna hii kuwa nyeti. Shule, hoteli au duka linalokusanya vidole halifanyi jambo la nyumbani kwake tena. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza zinakaa wapi, nani anaziona, na zitafutwa lini akiacha kazi. Nimeziona zikikaa kwenye flashi ndani ya droo ya mhasibu, pamoja na risiti za mafuta.

"Kidole hakikushika, rudia tena"

Mara nyingine ni kweli hakikushika. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole uanze mwaka 2019, sentensi hiyo pia imekuwa mlango wa mawakala wasio waaminifu: bonyezo la kwanza linakusajilia laini yako, la pili linasajili ya mtu mwingine kwa jina lako. Kabla ya kurudia, mwambie akuonyeshe kioo cha kifaa chake kinasema nini. Kisha piga *106# uone ni namba zipi ziko kwenye kitambulisho chako. Mimi nafanya kazi hii, na nilipopiga nilikuta moja nisiyoijua.