Kadi ya mtandao kwenye kompyuta kuukuu: yasemwayo na yaliyo kweli

Kompyuta za mezani za miaka ya 2003 hadi 2012, zile Dell OptiPlex na HP Compaq ambazo bado utazikuta kwenye maabara za shule na steshenari, zikikosa mtandao hukumu hutoka haraka: kadi imekufa. Kadi hufa, hatukatai. Ila mara nyingi zaidi kosa liko kwenye waya, draiva (programu inayoendesha kadi), BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta inayotangulia Windows) au hata saa ya kompyuta, na kadi mpya inanunuliwa bure.

"Tundu la mtandao likiungua, kompyuta imekwisha"

Hii ndiyo inayowagharimu watu zaidi, hasa msimu wa mvua. Radi ikipiga karibu, umeme hupita kwenye waya mrefu wa mtandao uliovutwa nje kutoka jengo moja hadi jingine na kuingia kompyuta kwa tundu la mtandao. UPS haisaidii hapo, kwa sababu umeme haukuja kwa njia ya soketi. Mara nyingi kinachoungua ni chipu ya mtandao peke yake, na ubao mama uliobaki ni mzima.

Dalili: taa mbili za pembeni mwa tundu haziwaki hata ukibadilisha waya na kuhamia tundu jingine la swichi (kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao za kompyuta), ilhali waya huohuo unawaka kwenye kompyuta ya jirani. Kabla ya kuitupa mashine, ingia BIOS (F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP), tafuta "Integrated NIC" au "Onboard LAN" na uizime. Kisha chomeka kadi ya ziada kwenye sloti. Ukiacha tundu bovu likiwa hai, Windows itaendelea kuliorodhesha, na siku moja mtu atakuja kuweka anwani za mtandao kwenye tundu lililokufa badala ya kadi nzima. Kama mashine inajizima au kuganda hata baada ya hapo, basi umeme ulifika mbali zaidi na kadi haitakuokoa. Na kama waya huo bado unapita nje, kadi mpya nayo inasubiri zamu yake. Kati ya majengo mawili, faiba ndiyo dawa, kwa kuwa haipitishi umeme.

"Kadi ni kadi, inaingia popote"

Fungua kasha kwanza, ndipo uende dukani. (Wengi huliita kasha zima "CPU". Si kosa la kugombania, ila ukimwambia muuzaji "nataka kadi ya CPU" mtapotezana.) Sloti ya PCI ni ndefu, kama sentimita 8.5, na aghalabu ni nyeupe. Sloti ya PCI Express x1 ni fupi, kama sentimita 2.5. Kadi za aina hizi mbili haziingiliani kabisa. Kadi ya x1 huweza kukaa kwenye sloti ndefu ya x4 au x16, lakini kwenye baadhi ya kompyuta kuchomeka chochote katika x16 huzima tundu la skrini la ubao mama, na mtu hubaki akidhani ameua mashine.

Pima pia bamba la chuma la kadi. Makasha membamba, yale yanayolazwa chini ya skrini, huchukua kadi fupi yenye bamba la takriban sentimita 8. Bamba la kawaida ni sentimita 12. Baadhi ya kadi huja na mabamba yote mawili kwenye boksi. Uliza kabla ya kulipa.

Kuhusu kasi: kadi ya gigabiti ya PCI haitakupa gigabiti kamili. Njia ya PCI ya kawaida hubeba megabaiti 133 kwa sekunde, na vifaa vyote vya PCI vinagawana hizo, ilhali gigabiti kwa upande mmoja tu inataka 125. Bado itakuwa mbele sana ya kadi ya 10/100, yaani ya megabiti 10 au 100 kwa sekunde. Ukiwa na sloti ya Express, chukua ya Express.

"Ukishaizima, fungua tu"

Pawasapulai ya ATX hupeleka volti 5 kwenye ubao mama muda wote inapokuwa kwenye soketi. Kwenye baadhi ya bao kuna kitaa kidogo cha kijani kinachoonyesha hilo. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde tano hivi ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika kadi, na ishike kadi kwa kingo zake, usiguse meno ya dhahabu.

Toa kibamba cha nyuma cha sloti, sukuma kadi wima kwa dole gumba mwanzo na mwisho wake, halafu kaza skurubu. Hapa ndipo wengi huharibu pasipo kujua: ukikaza skurubu wakati bamba halijakaa sawasawa kwenye kasha, upande wa nyuma wa kadi hushuka na ule wa mbele huinuka. Chungulia kwa tochi. Meno ya dhahabu yanayoonekana juu ya sloti yawe na kimo kilekile mwanzo hadi mwisho. Yakiwa yamepanda upande mmoja, legeza na usukume tena. Kadi iliyoinama hivyo leo inaonekana, kesho haionekani, na lawama zote humwendea mwenye draiva.

"Jina lililo kwenye boksi ndilo la kutafutia draiva"

Boksi lina jina la muuzaji. Draiva inafuata chipu. Kadi za majina matano tofauti zaweza kuwa na chipu ileile ya Realtek. Fungua Device Manager (andika devmgmt.msc kwenye Run), bofya mara mbili "Ethernet Controller" yenye alama ya njano, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona kitu kama PCI\VEN_10EC&DEV_8139. Sehemu ya VEN ni mtengenezaji wa chipu: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 10B7 ni 3Com. Sehemu ya DEV ni chipu yenyewe: kwa Realtek, 8139 ni ya 10/100, 8169 ni gigabiti ya PCI, na 8168 ni gigabiti ya PCI Express, ile inayoandikwa RTL8111 juu ya chipu. Tafuta draiva kwa namba hizo.

Soma pia namba ya kosa. Code 28 maana yake draiva haipo, basi. Code 22 maana yake mtu ameizima kadi kwenye Windows. Code 10, kadi imeshindwa kuanza: jaribu draiva nyingine au sloti nyingine kabla ya kuirudisha dukani.

Kuna swali la yai na kuku: draiva ya mtandao utaipakuaje bila mtandao? Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe "USB tethering". Windows 7 na kuendelea, pamoja na Linux, kwa kawaida huitambua bila kuongeza kitu, na simu ikiwa kwenye Wi-Fi hutumii bando lako. Windows XP haina uwezo huo yenyewe; huko beba draiva kwa flashi. Vile vifurushi vya "draiva zote kwa pamoja" viepuke, vingi huja na programu usizoziomba.

Ukitaka kujua kama kosa ni la kadi au la Windows, washa kompyuta kwa flashi yenye Linux na uandike lspci -nn. Kadi isipoonekana hapo, tatizo ni sloti au kadi. Ikionekana na mtandao ukapita, acha bisibisi, rudi kwenye draiva.

"PXE-E61 inamaanisha kadi mbovu"

Kompyuta inawaka, skrini nyeusi inaandika "PXE-E61: Media test failure, check cable", na fundi wa haraka anaanza kutoa bei ya kadi. Soma vizuri kilichotokea. PXE ni njia ya kuwasha kompyuta kupitia mtandao. Kompyuta haiifikii mpaka iwe imeambiwa ianze nayo, au imekosa kitu cha kuwakia kwingine. Mara nyingi ni hili la pili: hadidiski haionekani. Waya wake wa SATA umelegea, diski imechoka, au mpangilio wa BIOS umebadilika. Ujumbe unalalamikia waya wa mtandao kwa sababu tu haujachomekwa. Ingia BIOS uangalie kama diski inatajwa. Ikiwa ipo, irudishe mwanzo wa orodha ya kuwakia. Ikiwa haipo, shughulikia diski. Kadi haina kesi.

"Rangi za waya si hoja, mradi pande zote zifanane"

Dhana hii ina nusu ukweli, ndiyo maana haifi. Ndani ya waya kuna jozi nne zilizosokotwa, na msokoto ndio unaozuia mwingiliano. Mtandao wa megabiti 100 hutumia pini 1 na 2 kama jozi moja, 3 na 6 kama jozi ya pili. Ukipanga rangi jozi kwa jozi (chungwa, kijani, bluu, kahawia), pini 3 inachukua nyeupe ya kijani na pini 6 inachukua bluu. Nyaya hizo mbili hazikusokotwa pamoja. Testa ya bei nafuu itawasha taa 1 hadi 8 kwa mpangilio safi kabisa, kwa kuwa inachopima ni kama waya umefika ng'ambo, haipimi jozi. Waya wa mita mbili unaweza kufanya kazi. Wa mita thelathini utaunganisha, utakatika, utaunganisha.

Mpangilio wa T568B kuanzia pini ya 1, ukishika kichwa cha RJ45 (plagi ya waya wa mtandao) kidoko, yaani kilimi chake cha plastiki, kikiwa upande wa chini na ncha ikitazama mbele yako, pini ya 1 ikiwa kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13. Gigabiti hutumia jozi zote nne, kwa hiyo waya wenye jozi mbili nzima uliokuwa ukitosha kwa kadi ya zamani unaweza kugoma siku unapoweka kadi mpya. Kadi italaumiwa hapo pia.

"Lazimisha 100 Full, itakimbia"

Swichi ya kawaida isiyo na mipangilio hujadiliana na kadi kuhusu kasi na mwelekeo. Ukiilazimisha kadi kuwa 100 Full (megabiti 100, kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja), inaacha kujadiliana. Swichi hugundua kasi ni 100 lakini haiwezi kujua mwelekeo, basi hushika nusu, yaani kusema au kusikiliza kwa zamu. Upande mmoja unasema wakati wowote, mwingine unaona hiyo ni migongano. Ping (amri inayotuma ujumbe mfupi kuona kama upande wa pili unajibu) inajibu vizuri, ukurasa mwepesi unafunguka, lakini ukinakili faili kubwa kasi inaporomoka vibaya. Rudisha "Speed & Duplex" kwenye Auto.

"Nimepingi 127.0.0.1 imejibu, kadi ni nzima"

Anwani hiyo haitoki nje ya kompyuta wala haigusi kadi; hujibu hata ukiichomoa kadi ukaiweka mfukoni. Panda ngazi hivi: andika ipconfig /all. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta: kagua waya, au kama ruta inaruhusu kompyuta kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi), maana kadi mpya ina MAC mpya. Ukiwa na anwani sahihi, pingi ruta, kisha 8.8.8.8, kisha jina la tovuti. 8.8.8.8 ikijibu na jina lisijibu, rekebisha DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba.

Windows ikikataa anwani uliyoandika kwa mkono ikidai tayari ni ya kadi nyingine, hiyo ni kadi ya zamani uliyoitoa. Imebaki kwenye kumbukumbu kama mzuka. Fungua cmd kama msimamizi, andika set devmgr_show_nonpresent_devices=1, kisha kwenye dirisha hilohilo devmgmt.msc. Chagua View, Show hidden devices, na uondoe ile iliyofifia.

"Adapta ya Wi-Fi ya USB humaliza yote"

Humaliza kama tundu ni USB 2.0. USB 1.1 ni megabiti 12 tu. Adapta ya 2.4 GHz haitaona Wi-Fi ya 5 GHz hata ukiikumbatia ruta, na Windows XP inahitaji SP3 (sasisho lake kubwa la tatu) ili WPA2, ulinzi wa nywila wa Wi-Fi, isisumbue.

"Tovuti hazifunguki, basi mtandao hakuna"

Tazama saa kwenye kona ya skrini. Ikisoma 2005, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika na kivinjari kinakataa kufungua, ingawa ping zote zinajibu. Betri ya CR2032 kwenye ubao mama imeisha. Kwenye XP kuna sababu nyingine: Internet Explorer yake haijui TLS 1.2 (njia ya kulinda mawasiliano na tovuti), ambayo tovuti nyingi sasa zinaidai.

Ukiweka betri mpya, usiishie kwenye tarehe. Kwenye bao nyingi za umri huo mipangilio ya BIOS nayo imefutika, kwa hiyo lile tundu lililoungua ulilolizima limeshajiwasha tena, na mpangilio wa kuwakia huenda umerudi kwenye PXE.