Saksafoni ya klasiki: tunayoambiwa Kisumu na ukweli wake

Ninafundisha saksafoni ya klasiki hapa Kisumu, na nikipata jukwaa napiga kazi za watunzi wa enzi zetu. Maneno haya nimeyasikia kwa wazazi, hata kwa wanamuziki wenzangu.

“Saksafoni ni ya jazi.” Adolphe Sax, fundi Mbelgiji, alipata hataza yake Paris mwaka 1846, jazi ikiwa bado haijazaliwa. Georges Bizet, mtunzi Mfaransa, aliitumia katika okestra mwaka 1872. Mwaka 1942 Marcel Mule, mpiga saksafoni Mfaransa, akaanza kuifundisha katika Konsevatua ya Paris, chuo cha muziki, akaendelea hadi 1968. Jazi imeitendea haki sana ala hii, lakini iliikuta.

“Ni jamii ya tarumbeta.” Mwili ni wa shaba, ndiyo, ila sauti huzaliwa na kijiti cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni. Ukoo wake ni klarineti, na nzumari ya Pwani ni jamaa pia.

“Hizo ni kelele tu.” Husemwa juu ya kazi hizo za enzi zetu, na hili ndilo linaloniuma. Mwaka 1970 Edison Denisov, Mrusi, alitunga sonata ya saksafoni alto na piano ambamo mpigaji hutoa sauti zaidi ya moja kwa pumzi moja. Si bahati. Vidole hufungua tundu moja huku mengine yaliyo chini yake yakiwa yamezibwa, na hewa ndani ya bomba hutetemeka kwa namna kadhaa kwa pamoja. Ukikaza midomo kupita kiasi, hubaki sauti moja. Ukilegeza, hubaki upepo. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya mazoezi wiki 3 ndipo akaweza kuushikilia mchanganyiko mmoja wa sauti hizo kwa hesabu ya nne.

Halafu mtu yuleyule anayeita hizo kelele hutulia kabisa akimsikiliza mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo: vidole kwenye nyuzi 8, pete ya kidole gumba cha mguu ikigonga ala, gara, njuga za mguuni, zikilia. Kugonga huko ni sehemu ya wimbo, na kila mtu hapa analijua hilo tangu utotoni. Saksafoni nayo hugonga. Ulimi hukinyonya kijiti na kukiachia ghafla, ukatoka mlio mkavu kama wa ngoma ndogo. Mimi huanzia hapo na wanaoanza, kwa sababu masikio yao tayari yako nyumbani.

“Anayefundisha ameshindwa kupiga.” Mule alifanya yote mawili. Katika muziki huu hata huwezi kuyatenganisha: watunzi wengi hubuni alama zao na kuzieleza kwenye kurasa za mwanzo, na mwalimu hukaa na mwanafunzi wakizisoma pamoja. Jumamosi iliyopita tulimaliza saa nzima kwenye mistari 2 ya nota. Mtoto akajaribu kuinua kidole cha pete mapema kuliko nilivyomwonyesha, sauti ikatoka safi kuliko yangu. Jioni nikaiandika kwa penseli kwenye karatasi yangu ya jukwaani.