Tripos ya Hisabati: mtihani wa mwisho wa Cambridge na tuisheni yake

Tripos ya Hisabati ni mtihani wa shahada ya hisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambao katika karne ya 19 ulikuwa mtihani wa mwisho kwa wanafunzi waliotaka shahada ya kwanza ya kiwango cha juu (honours) badala ya kuridhika na ile ya kawaida. Matokeo yake yalipangwa kwa majina, kuanzia mtu wa kwanza hadi wa mwisho. Waliofaulu katika daraja la kwanza waliitwa Wrangler na aliyewaongoza akaitwa Senior Wrangler, jina lililomfuata mtu maisha yake yote. Nyuma yao walikuja Senior Optime, kisha Junior Optime, na yule aliyeshika mkia miongoni mwa hao wa mwisho alikabidhiwa na wenzake kijiko kikubwa cha mbao siku ya kutunukiwa shahada, mbele ya wageni waliohudhuria.

Maandalizi ya mtihani huu hayaeleweki bila kuutazama mtihani wenyewe. Mwaka 1854 ulikuwa na karatasi 16 zilizofanywa kwa siku 8, jumla ya saa 44 na nusu, na maswali 211. Ulifanyika Januari, katikati ya baridi kali, ndani ya ukumbi wa Senate House. Baba yake James Clerk Maxwell, aliyekuja kuwa mwanafizikia mashuhuri na ambaye alikuwa mtahiniwa mwaka huo, alimshauri mwanawe atafute vitambaa vya sufu vya kuvaa kwenye vifundo vya mikono na achukue blanketi la kujifunika miguu na mapaja, ushauri wa mzazi aliyejua kwamba vidole vilivyokufa ganzi haviandiki.

Na kuandika ndiko kulikokuwa kiini cha shughuli. Sehemu moja ya maswali ilidai mtahiniwa atoe uthibitisho wa kanuni zilizomo vitabuni, neno kwa neno karibu, na sehemu nyingine ilimpa matatizo mapya ya kutatua kwa kutumia kanuni hizo. Maswali yalikuwa mengi kiasi kwamba hakuna aliyetarajiwa kuyamaliza. Katika mtihani mmoja wa miaka ya 1860, ambao alama zake zilikuja kujulikana ingawa kwa kawaida zilifichwa, jumla ya alama zote ilikuwa 17,000. Senior Wrangler alipata 7,634, aliyemfuata 4,123, na mwenye kijiko cha mbao 237. Yaani mshindi mwenyewe hakufika nusu. Katika mashindano ya namna hiyo, mtu anayefikiri kwa kina lakini polepole huachwa nyuma na mwenye kalamu nyepesi. Ndivyo wengi walivyoeleza matokeo ya mwaka 1845, pale William Thomson, mwanafizikia ambaye baadaye alikuja kuitwa Lord Kelvin, alipopitwa na Stephen Parkinson na kuwa wa pili. Wiki chache baadaye Thomson alimshinda Parkinson katika mtihani wa Tuzo ya Smith, mtihani mwingine wa Cambridge uliotaka zaidi fikra.

Basi nani aliwaandaa vijana hawa? Si maprofesa, ambao mihadhara yao mara nyingi haikugusa yaliyoulizwa kwenye mtihani, wala si walimu wa vyuo vidogo vinavyounda Cambridge, waliofundisha wenye uwezo na wasio nao katika chumba kimoja. Kazi hiyo ilifanywa na walimu binafsi waliolipwa na mwanafunzi kutoka mfukoni mwake. Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua mara moja: ni tuisheni, tena tuisheni iliyofika mahali ikawa ndiyo shule yenyewe.

Wawili kati ya walimu hao walipata sifa kuliko wote. William Hopkins aliingia chuo cha Peterhouse akiwa mtu mzima, akaoa kabla ya kuhitimu, na kwa kuwa kanuni za wakati huo hazikumruhusu mwenye ndoa kushika nafasi ya ujumbe wa chuo, yenye posho na makazi, alijitafutia riziki kwa kufundisha nje. Kufikia mwaka 1849 alikuwa ametoa karibu Wrangler 200, 17 kati yao wakiwa Senior Wrangler. Maxwell alipita mikononi mwake, na vilevile Edward Routh, aliyemshinda Maxwell mwaka 1854 kwa nafasi ya kwanza. Routh naye aligeuka mwalimu, akaoa mwaka 1864 na kuiacha nafasi yake ya ujumbe, na hadi alipostaafu tuisheni mwaka 1888 alikuwa amefundisha wanafunzi zaidi ya 600, zaidi ya 25 kati yao wakishika namba moja. Inachekesha kidogo kwamba kanuni ya useja ilivinyima vyuo walimu bora kisha ikawarudisha kwa wanafunzi wale wale kwa malipo.

Routh aliwagawa wanafunzi katika vikundi vidogo kulingana na uwezo, akawafundisha kwa saa moja, siku kadhaa kwa wiki, kwa ratiba isiyoyumba mwaka hadi mwaka. Aliwawekea maandiko yake ya mkono wayanakili, na kila wiki akawapa karatasi ya matatizo, ambayo alama zake zilibandikwa ili kila mmoja ajue amesimama wapi. Kipindi cha mwisho kabla ya Januari kilikuwa cha marudio matupu: kuandika uthibitisho ule ule tena na tena hadi mkono uende wenyewe, na kupitia mitihani ya miaka ya nyuma. Alasiri zilitengwa kwa matembezi marefu au kupiga makasia, kwa kuwa iliaminika kwamba mwili uliochoka kwa kukaa hauwezi kuhimili siku nane za mtihani.

Wanawake waliruhusiwa rasmi kuufanya mtihani huu kuanzia mwaka 1881, ila majina yao yalisomwa kando na hawakupewa shahada. Mwaka 1890 Philippa Fawcett wa Newnham, chuo cha wanawake, aliyeandaliwa na mwalimu binafsi kama wanaume, alitangazwa kuwa juu ya Senior Wrangler, akimzidi kwa takriban asilimia 13. Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili hadi mwaka 1948.

Kwa maoni yangu mfumo huu ulikuwa mzuri zaidi kwa fizikia kuliko kwa hisabati. Mazoezi ya kukokotoa mwendo, joto na mawimbi yaliwafaa akina Maxwell na Thomson, lakini hisabati halisi, ile inayosomwa kwa ajili yake yenyewe bila kulenga matumizi, iliyokuwa ikikua Ujerumani na Ufaransa haikupata nafasi, kwa kuwa haikuulizwa. Mwanahisabati G. H. Hardy, aliyekuwa Wrangler wa nne mwaka 1898, alikuwa miongoni mwa walioupinga kwa nguvu. Orodha ya mwisho iliyopangwa kwa nafasi ilisomwa mwaka 1909. Baada ya hapo majina yalitolewa kwa madaraja tu, na kijiko cha mbao kikakosa mtu wa kukabidhiwa.