Pedali ya Breki Kulainika Baada ya Kubadilisha Pedi: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Umefunga pedi mpya, magurudumu yamerudi, umeketi kwenye usukani. Unakanyaga breki na mguu unakwenda mpaka chini kama umekanyaga sponji. Hapo kila aliye karibu anageuka fundi, na neno la kwanza huwa lile lile.

"Pedali ikiwa laini kuna upepo. Toa upepo."

Upepo ni hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki. Kwa gari lililobadilishwa pedi tu, mara nyingi si kweli. Pedi mpya ni nene, na ili ziingie ulilazimika kusukuma pistoni ya kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye disiki, irudi ndani. Ulipomaliza ukaacha mwanya kati ya pistoni, pedi na disiki. Mkanyago mmoja husukuma mafuta kidogo tu, hayawezi kuuziba mwanya huo kwa mara moja. Kanyaga taratibu mara kadhaa: pistoni zitasogea, pedi zitagusa disiki, pedali itapanda na kukaza. Kazi hiyo hufanywa gari likiwa limesimama, kabla hujagusa gia. Mimi niliisahau siku moja, nikarudi nyuma nikielekea ukutani na pedali iko sakafuni. Hendibreki ndiyo iliyoniokoa, na tangu hapo hata ufunguo siuzungushi kabla ya kukanyaga.

Upepo nao hauzuki tu. Mfumo wa mafuta ya breki umefungwa, na kurudisha pistoni kwa kibano hakuufungui. Ili hewa iingie, lazima kuna kitu kilifunguliwa au kinavuja: skrubu ya kutolea upepo, bomba la mpira linaloingia kwenye kalipa, au kikopo cha mafuta kiliachwa kikauka. Kama hujafungua chochote na mafuta hayajawahi kushuka chini ya alama, kutoa upepo kwa saa nzima ni kumwaga mafuta mazuri bure.

"Laini ni laini."

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu pedali husema mambo tofauti. Ikidunda kama puto, kisha ikapanda kidogo kila unapoikanyaga haraka haraka, hapo kweli shuku upepo: hewa hubanwa, mafuta hayabanwi. Ikishuka sana lakini ikafika mahali ikagonga na kuwa ngumu, kuna mwanya mahali fulani, pengine breki za dramu za nyuma hazijakazwa. Na ukiikanyaga ukaishikilia, ikaendelea kuzama polepole chini ya mguu, mafuta yanapita pasipostahili: kuna panapovuja nje, au mipira ya ndani ya masta silinda, pampu ya mafuta inayosukumwa na pedali, haizuii tena.

"Pampu mpaka chini, usiihurumie."

Ushauri huu umeharibu masta silinda nyingi za magari ya zamani. Katika matumizi ya kila siku pistoni ya masta silinda hutembea sehemu tu ya njia yake. Kule mbele isikofika, kutu na uchafu hujikusanya kwa miaka. Siku unapokanyaga mpaka sakafuni, mipira inapita juu ya kutu hiyo na kuchanika. Baadaye mtu analalamika kwamba pedi mpya ni mbovu. Kanyaga nusu nusu, au weka kipande cha ubao chini ya pedali kizuie isifike mwisho.

"Pedi mpya ni hivyo, zitazoea."

Kuzoea kupo, ila kunahusu kitu kingine. Pedi mpya zinahitaji kupunguza mwendo mara kadhaa kwa kiasi, bila kusimama kabisa, ili ziache utando sawasawa kwenye disiki. Hilo huongeza ung'ataji wa breki. Pedali inayokwenda chini haitaponywa na safari.

Kuna ulaini mdogo, hata hivyo, unaotoka kwenye ufungaji wenyewe, na huu siuoni ukitajwa mara nyingi. Pedi ikikaa upande kwa sababu ya kutu kwenye kishikio, kibati cha nyuma yake kikijikunja, au pini za kalipa zikiwa kavu na kugoma kuteleza, mguu wako unaanza kwa kunyoosha chuma kabla ya kubana disiki. Pedali inakuwa kama ya upepo na upepo haupo. Dawa ni kufungua tena, kusugua, kupaka pini grisi inayofaa breki na kuhakikisha pedi inateleza kwa vidole.

"Mafuta yamezeeka, ndiyo maana pedali imelainika."

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, hilo ni kweli. Lakini maji yakiwa bado maji hayabanwi, kwa hiyo gari baridi lililopo gereji halilainishwi pedali nayo. Balaa huja kwenye mteremko mrefu, maji yanapogeuka mvuke. Mafuta ya breki hupangwa kwa madaraja ya DOT. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, sharti hilo linashuka mpaka 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yabadilishe kwa sababu hiyo. Na usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, wala usiongeze mafuta ya injini: huvimbisha mipira yote ya mfumo.

"Ilikuwa ngumu, nilipowasha injini ikashuka. Imeharibika."

Imeshuka kidogo tu? Basi ni salama. Injini ikiwa imezimwa, mikanyago michache humaliza nguvu iliyohifadhiwa kwenye busta, kifaa kinachousaidia mguu kusukuma, na pedali inakaza. Ukiwasha, busta inakusaidia tena na pedali inazama kiasi. Isiposhuka kabisa ndipo uichunguze busta.

Kama kweli kuna upepo, toa kwa kufuata mpangilio wa kitabu cha gari, maana si magari yote huanzia gurudumu lililo mbali na masta silinda. Kama kalipa zilitolewa kabisa, tazama skrubu ya kutolea upepo: ikielekea chini, kalipa ya kulia imefungwa kushoto, na hewa itabaki juu hata ufanyeje. Pistoni za kalipa za nyuma zenye hendibreki ndani mara nyingi hurudishwa kwa kuzungushwa; ukizisukuma kwa nguvu unaharibu kirekebishi cha hendibreki kilichomo. Hewa ikishaingia kwenye kitengo cha ABS, kinachozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, baadhi ya magari huhitaji mashine ya uchunguzi kuitoa.

Mwisho washa injini, kanyaga kwa nguvu ya kawaida na ushikilie nusu dakika, kisha uchungulie nyuma ya kila gurudumu kama pamelowa. Pedali ikiendelea kuzama, gari lisiondoke hapo kwa magurudumu yake.