Kuachana kwa matabaka kwenye kompositi, na jinsi kunavyoigwa kwa elementi za ganda

Laminati ni bamba la kompositi linalopatikana kwa kupanga matabaka membamba ya nyuzi za kaboni au za kioo zilizoloweshwa resini, kila tabaka likielekezwa upande wake, kisha yote yakaokwa kwa joto na shinikizo hadi yawe kitu kimoja. Tabaka moja la kaboni na epoksi kwa kawaida huwa na unene wa milimita 0.125 hadi 0.25. Nyuzi hubeba mzigo kufuata uelekeo wake, lakini kati ya tabaka na tabaka hakuna uzi unaovuka. Kilichopo ni resini peke yake, na hapo ndipo penye udhaifu. Resini hiyo ikipasuka, matabaka huachana. Kasoro hiyo ndiyo inayoitwa delaminesheni.

Huanza kwa njia nyingi: spana iliyoangukia bamba, kekee butu iliyosukuma tabaka la mwisho badala ya kulikata, hewa iliyonaswa wakati wa kupanga, au kipande cha filamu ya kinga kilichosahaulika katikati. Uso wa nje unaweza kubaki safi kabisa, na ndiyo maana kasoro hii hutafutwa kwa mawimbi ya ultrasauti, si kwa macho.

Bamba lenye kasoro hii likivutwa, halibadiliki sana. Likipindwa au kugandamizwa, mambo huwa mengine. Ukakamavu wa kupinda hufuata unene uliopigwa kipeo cha tatu. Bamba likigawanyika katikati kabisa, kila nusu hubaki na moja ya nane ya ukakamavu wa awali, na nusu zote mbili kwa pamoja hufikia robo tu. Kipande chembamba kikiwa karibu na uso, hubetuka (hupinda ghafla kutoka nje) mapema chini ya mgandamizo. Kwa ukanda ulioshikwa ncha zote mbili, wenye unene t na urefu a, mgeuko unaoubetua ni takribani 3.29 × (t/a)². Matabaka 4 ya milimita 0.125 yaliyoachana kwa urefu wa milimita 40 yana t = 0.5, hivyo yatabetuka kwenye mgeuko wa karibu 0.0005, yaani nusu ya milimita kwa kila mita. Huo ni mgandamizo mdogo mno kwa laminati ya kaboni.

Kwa nini ganda moja halitoshi

Programu ya kuiga bamba kwa kompyuta huligawa katika vipande vidogo vinavyoitwa elementi. Elementi ya ganda huchukua bamba lote kama uso mmoja wenye unene. Unaweza kuiorodheshea matabaka 16 pamoja na pembe zake, nayo itakokotoa mkazo wa kila tabaka. Lakini mihamo ya matabaka yote hutokana na nodi (pointi zinazounganisha elementi) zilezile: mihamo mitatu na mizunguko ya uso huo mmoja. Kwa hesabu hiyo, mstari ulionyooka kupita kwenye unene hubaki umenyooka. Matabaka hayana namna ya kuachana wala kuteleza, hata ukipunguza ukakamavu wa tabaka moja hadi karibu na sifuri. Wapo wanaofanya hivyo kwa matumaini ya kuiga kasoro. Wanachopata ni bamba laini kidogo, si bamba lililogawanyika, na kubetuka kwa kipande cha juu hakutaonekana kamwe.

Kwa hiyo mahali penye kasoro panahitaji maganda mawili, moja kwa kipande cha juu na jingine kwa kipande cha chini. Kinachobaki ni maswali mawili: uso rejea wa kila ganda (uso unaopita kwenye nodi zake) uwekwe wapi, na maganda hayo yaunganishwe vipi pale palipo pazima. Makosa mengi ya kazi hii yamo ndani ya maswali hayo mawili.

Uso rejea

Chukua laminati ya matabaka 16, unene milimita 2, iliyoachana chini ya tabaka la 4. Kipande cha juu kina milimita 0.5, cha chini 1.5. Njia safi ni kuziweka nodi za maganda yote mawili kwenye mpaka wenyewe, milimita 0.5 chini ya uso wa juu. Kisha iambie programu kwamba uso rejea wa ganda la juu ni uso wake wa chini, na uso rejea wa ganda la chini ni uso wake wa juu. Vipande hulaliana pale vinapokutana kweli.

Ukisahau kuusogeza uso rejea, programu itaweka katikati ya kila kipande kwenye nodi, na vipande viwili vitakuwa vimeingiliana. Hakuna onyo litakalotokea. Lakini ukakamavu wa kupinda wa bamba zima utakuwa 0.5³ + 1.5³ = 3.5 badala ya 2³ = 8, yaani asilimia 44 ya ukweli, kabla hata ya kuweka kasoro yoyote (hesabu hii huchukulia ukakamavu ulio sawa katika unene wote, lakini picha ni ileile kwa laminati). Kwa hiyo jaribio la kwanza kabisa liwe hili: unganisha nodi zote, pinda bamba lisilo na kasoro, na ulinganishe na modeli ya ganda moja. Tofauti ikizidi asilimia 1 au 2, usiendelee mbele.

Kuna jambo linalofichika hapa. Laminati nzima huenda imepangwa kwa ulinganifu juu na chini, lakini vipande vyake havitakuwa hivyo. Matabaka 4 yenye nyuzi za pembe za digrii 45, 0, −45 na 90 yakiwa peke yake hupinda yanapovutwa, na hupinda pia yanapopoa. Kompositi iliyookwa kwa 180 °C ikarudi 20 °C imepoa kwa digrii 160, na kipande cha juu kikiachiwa kitajikunja chenyewe bila mzigo wowote. Weka hatua ya kupoa kabla ya hatua ya mzigo. Ukiiacha, umbo la kuanzia la kipande si sahihi, na kubetuka kunategemea sana umbo hilo.

Kuunganisha pazima, kuachilia penye ufa

Ndani ya eneo la kasoro, nodi za juu na za chini ziwe mbili tofauti, zenye mahali pamoja lakini zisizofungwa. Nje ya eneo hilo zifungwe. Ukitaka kujua tu ukakamavu, marudio ya mtetemo au mzigo wa kubetuka, funga mihamo yote na mizunguko yote. Inatosha, na kwa kazi hizo sioni sababu ya kutumia kitu kizito zaidi.

Eneo lililoachana linahitaji kuwekewa sharti la mguso, la sivyo kipande cha juu kitapita ndani ya cha chini. Hapa pia uso rejea hurudi kudai haki yake: programu nyingine hupima mguso kuanzia nusu ya unene kutoka kwenye nodi, bila kujali kwamba umesogeza uso rejea. Matokeo yake ni vipande vinavyosukumana tangu sekunde ya kwanza. Mkazo usio sifuri kabla ya mzigo, ikiwa hujaweka joto, ndiyo dalili yake.

Uchambuzi wa kubetuka wa mstari, yaani unaochukulia kwamba mabadiliko hulingana na mzigo, haufuatilii mguso unaofunguka na kufunga, hivyo huweza kutoa umbo ambalo vipande vinapenyana. Tumia uchambuzi usio wa mstari, ukianza na hitilafu ndogo ya umbo, tuseme asilimia 1 hadi 5 ya unene wa kipande chembamba, inayokisukuma nje.

Je, ufa utaendelea?

Swali hili hujibiwa kwa nishati. Kila ufa unaposogea, huachilia nishati kwa kila eneo jipya linalofunguka. Ikifikia kiwango cha kuvunja resini, ufa huenda. Kwa kaboni na epoksi, kiwango hicho kwa hali ya kufunguka ni takribani 0.2 hadi 0.3 N/mm, na kwa hali ya kuteleza mara nyingi 0.6 hadi 0.8. Ukitumia newtoni, milimita na MPa, jibu hutoka moja kwa moja kwa N/mm, na 1 N/mm ni 1000 J/m². Hali zikichanganyika, kanuni ya Benzeggagh na Kenane ya 1996 ndiyo inayotumika zaidi kupata kiwango cha katikati.

Mbinu ya kwanza ya kukokotoa nishati hiyo hujulikana kwa herufi VCCT (mbinu ya kuufunga ufa kwa kudhania), nayo ilipata umbo lake la elementi kwa Rybicki na Kanninen mwaka 1977. Chukua nguvu F inayoshika nodi mbili kwenye ncha ya ufa, na uwazi w wa jozi ya nodi iliyo elementi moja nyuma yake. Nishati ya kufunguka ni F × w ÷ (2 × b × Δa), b ikiwa upana unaohusika na nodi hiyo na Δa urefu wa elementi. Elementi za mbele na za nyuma ya ncha ziwe na urefu sawa. Kwenye maganda, mbele ya ufa funga mihamo mitatu tu, mizunguko iachwe huru. Ukifunga mizunguko pia, momenti za nodi nazo hufanya kazi. Usipozihesabu, nishati hutoka pungufu na ufa huonekana salama kuliko ulivyo.

Mbinu ya pili ni elementi za mshikamano, zinazowekwa kati ya maganda mawili. Hushika hadi mkazo fulani, kisha hulegea taratibu hadi kukatika. Faida yake ni kwamba ufa husogea wenyewe. Gharama yake ni wavu, yaani mgawanyo wa bamba katika elementi. Urefu wa eneo linalolegea ni takribani E × G ÷ σ², E ikiwa ukakamavu wa nyenzo, G nishati ya kuvunja resini na σ mkazo unaoanzisha kulegea. Kwa E ya upande wa unene 10,000 MPa, G 0.25 na σ 60 MPa, unapata milimita 0.7, nalo linataka angalau elementi 3, yaani moja kila milimita 0.23. Bamba la milimita 300 kwa 300 likigawanywa hivyo lote lina elementi zaidi ya milioni 1.6 kwa kila ganda. Wavu ukiwa mkubwa kuliko hapo, mzigo wa kuvunja hutoka juu mno na mstari wa mzigo hupanda na kushuka kama meno ya msumeno. Dawa inayokubalika ni kupunguza σ bila kugusa G: kwa 30 MPa eneo hukua mara nne, na elementi za milimita 0.9 hutosha. Ukakamavu wa awali wa elementi hizi uwe kati ya 10⁵ na 10⁶ N/mm³. Chini sana bamba hulegea kabla ya kupasuka, juu sana mikazo huyumbayumba.

Kabla ya bamba halisi, jaribu kipimo cha mikono miwili inayovutwa (ukanda uliopasuliwa ncha moja, nusu zake zikivutwa ziachane), kile cha kiwango cha majaribio ASTM D5528. Mikono ya unene milimita 1.5, upana 25, ufa 50, E 130,000 MPa na G 0.25: nadharia ya boriti hutoa mzigo wa karibu N 48 na uwazi wa milimita 4.4. Maganda yaliyofungwa mizunguko yatakuwa karibu na namba hizo. Elementi za mshikamano zitatoa mzigo mdogo kidogo, kwa sababu shina la mkono si gumu kama nadharia inavyodhani. Mzigo ukizidi N 48 kwa mbali, kagua wavu kwanza.

Mipaka ya maganda pia ipo. Hayakokotoi mkazo wa upande wa unene, kwa hiyo hayatakuonyesha kasoro itaanzia wapi kwenye kingo huru. Hufaa kwa kasoro unayoijua mahali na ukubwa wake. Bamba lililogongwa huwa na nyufa kwenye mipaka mingi, hasa pale pembe za nyuzi zinapobadilika, na kila mpaka unaouiga huongeza ganda jingine pamoja na mguso wake. Pale mgawanyo wa kufunguka na kuteleza unapohitajika kwa usahihi, weka elementi za ujazo kuzunguka ncha ya ufa tu, zikifika angalau mara tatu ya unene wa bamba mbele na nyuma ya ncha, na uache maganda yabebe bamba lililobaki.