Je, wajua kwa nini seva hujizima na kujiwasha yenyewe alfajiri?

Simu iliita saa kumi na moja na dakika tatu alfajiri, Kisumu bado giza. "Kijana, hiyo mashine yenu imelala tena, na boti ndizo hizi zinaingia." Alikuwa mama anayenunua omena, wale dagaa wa ziwani, kwa jumla ufukweni. Mfumo wetu mdogo ndio uliokuwa ukiandika nani kaleta karai ngapi na nani kalipwa. Nikasema, "Pole, mama, nipe dakika kidogo," nikafungua kompyuta nikiwa kitandani. Seva, ile kompyuta ya mbali inayoendesha mfumo huo, ilikuwa hai, imeamka dakika tatu zilizopita. Programu yetu tu ndiyo iliyokuwa imezubaa, kwa sababu ilikimbilia hifadhidata, ile programu inayotunza data zetu, kabla haijawa tayari. Sikuona alama ya mdukuzi wala umeme kupotea. Seva ilijizima na kujiwasha yenyewe, na aliyeiagiza ifanye hivyo ni mimi.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu aiagize seva ijizime?

Tuanze na hicho tunachokodisha, seva ya wingu, yaani ile unayoifikia kwa intaneti. Seva ya wingu haielei popote. Ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyomo katika jengo fulani, Cape Town au Johannesburg au Ulaya, iliyogawanywa kwa programu ikawa mashine pepe nyingi, nawe ukapewa moja. Ni kama ploti ya nyumba za kupanga pale Manyatta: mwenye nyumba anashughulikia paa, lango na tangi la maji, lakini kitasa cha mlango wako kikilegea ni shauri lako. Kampuni ya wingu hutunza mitambo na ile programu inayogawanya mashine. Mfumo wa uendeshaji uliomo ndani ya mashine yako, iwe Ubuntu au Windows, ni wako. Amazon, Microsoft na Google wote wana chombo cha kupanga masasisho kwa ratiba, ila ratiba yenyewe huiweka wewe. Nimekutana na wenye biashara wengi wanaodhani malipo ya mwezi yanajumuisha na kitasa.

Kitasa kibovu hugharimu. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikaingia kwa tundu hilohilo na kufunga mafaili ya watu duniani kote, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwa imeshatoka kwa karibu miezi miwili. Waliokuwa wameiweka, kirusi hakikupata pa kupitia kwao. Ndiyo maana kazi hii hukabidhiwa mashine ijifanyie: binadamu husema "nitasasisha Ijumaa", halafu Ijumaa inakuja na ya kwake.

Lakini kusasisha si lazima kuwe kuzima. Sasa kuzima kunatoka wapi? Kiraka kinapowekwa, faili jipya huandikwa kwenye diski, ila programu inayokimbia ilishapakia lile la zamani kwenye kumbukumbu na inaendelea nalo kana kwamba hakuna kilichotokea. Programu ya kawaida unaizima na kuiwasha kwa sekunde moja mbili, ikasoma faili jipya. Kerneli, moyo wa mfumo wenyewe, ni habari nyingine, maana kila kitu kimesimama juu yake. Zipo mbinu za kuibandika kiraka ikiwa inakimbia, ila hazifiki kila mahali, na mwisho wa yote itabidi mashine iwashwe upya. Ubuntu hukuachia hata kikaratasi: faili dogo liitwalo reboot-required, lenye mstari mmoja wa kukuambia mashine inataka kuwashwa upya. Seva inaweza kukaa na kikaratasi hicho miezi, viraka vyote vimo kwenye diski, mlango ukiwa wazi vilevile.

Kwenye Ubuntu, hali ya kujiwasha upya baada ya kiraka huja ikiwa imezimwa. Mimi niliiwasha, na kwenye nafasi ya saa nikaandika 02:00.

Hapo ndipo nilipojichongea. Kichwani mwangu 02:00 ni saa nane za usiku, wakati ambao hata boda za Kondele zimepungua. Mashine pepe nyingi za wingu, hata hivyo, huzaliwa zikiwa na saa ya UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, nayo Kenya iko mbele yake kwa saa 3, mwaka mzima, haibadiliki. Kwa hiyo 02:00 ya seva ni saa kumi na moja alfajiri ya Kisumu. Halafu sisi tunaohesabu kwa Kiswahili tuna saa yetu nyingine tena: mwenzangu akinipigia na kuniambia "weka saa mbili usiku", anamaanisha 20:00. Namba ileile, nyakati tatu, na mashine inajua moja tu. Siku hizi tukipanga jambo la seva tunaandikiana kwa tarakimu na kuongeza neno UTC, hata kama tumekaa meza moja.

Kwa watu wengi alfajiri ni saa nzuri ya kuzima. Kwa omena ndiyo mbaya kuliko zote. Wavuvi huingia ziwani usiku na taa, zamani karabai na sasa nyingi za sola, samaki hao wadogo wakifuata mwanga hadi kwenye wavu. Kunapopambazuka boti hurudi, karai zinapimwa, pesa zinahama mikono. Duka la viatu mjini Nakuru lingeamka saa mbili asubuhi na kukuta seva imeshazimwa na kuwashwa, wala lisingejua. Sisi dakika tatu zile zilitukuta foleni imeshajipanga.

Si mimi peke yangu ninayeumwa na saa ya UTC. Usipogusa chochote, Ubuntu hupanga kuweka viraka vya usalama saa 06:00 ya seva, kisha huongeza kuchelewa kwa bahati nasibu hadi dakika 60. Kwa seva iliyobaki na UTC, hiyo ni kati ya saa tatu na saa nne asubuhi ya Kenya, ofisi zimefunguka na wateja wamejaa. Mashine haizimwi, lakini huduma moja moja huwashwa upya, na mfumo ukikwama kidogo mtu anasema "mtandao uko chini". Kuchelewa huko kwa bahati nasibu kumewekwa kwa makusudi, ili maelfu ya mashine zisiparamie ghala moja la programu dakika ileile, kama ndoo zote za mtaa zinapokimbilia bomba maji yakirudi.

Kuna wanaosikia haya na kuamua kila sasisho liende kila mahali papo hapo. Hao niwakumbushe tarehe 19 Julai 2024. Saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa za Kenya, Ijumaa, CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilisambaza faili lenye kasoro la programu yake ya ulinzi. Halikuwa sasisho la Windows, lilikuwa faili dogo tu la kuifundisha programu kutambua vitisho vipya, lakini kwa makadirio ya Microsoft liliangusha kompyuta milioni 8.5 zenye Windows. Kampuni iliondoa faili hilo baada ya dakika 78. Muda huo ulitosha kulitawanya, kwa sababu lilitumwa kwa wote badala ya kuanza na wachache.

Kwa hiyo nikabadilisha mambo. Seva ya majaribio, ambayo haina mteja hata mmoja, hupokea viraka kwanza. Ikikaa siku nzima bila kulalamika, ile ya kazi hupigwa picha ya diski nzima, ili ikiharibika tuirudishe ilivyokuwa, kisha nayo inasasishwa. Programu yetu nayo sasa husubiri hifadhidata iamke kwanza. Saa ya kuwasha upya nimeihamishia 23:00 UTC, ambayo ndiyo saa nane za usiku niliyoitaka tangu mwanzo. Hata siku imenibidi niirudishe nyuma: usiku wa kuamkia Jumatatu kwetu, kwa seva bado ni Jumapili. Wapo wanaoibadilisha saa ya seva yenyewe iwe ya Nairobi na kumaliza maneno. Mimi nimeiacha UTC, kwa sababu seva nyingine tunazozungumza nazo ziko nchi tofauti, na nikitafuta kosa nataka rekodi za matukio za seva zote zifuate saa ileile.

Limebaki lile zoezi kubwa, la kupandisha mfumo mzima kwenda toleo jipya, ambalo linahitaji saa kadhaa mfululizo. Nilimuuliza yule mama ni usiku gani hawana kazi. Akanijibu bila kufikiri: mwezi ukiwa mpevu, maana mwanga wa taa haushindani na wa mbalamwezi, na boti nyingi hulala nchi kavu. Nikarudi kwenye cron, programu ya kupanga kazi kwa saa. Ina nafasi tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, na siku ya wiki. Mwezi inaoujua ni wa kalenda, ule wa angani haiujui. Zoezi hilo nalipanga kwa mkono, kwa kalenda ya ukutani yenye duara nyeupe.